Sahani ya Felista

Felista aliomba sahani yake peke yake.

"Leo?" Vedasto alicheka. "Houston watu wasiojuana walikuwa wanachangia sahani moja, sembuse mke wangu!"

Alikuwa amepika huko miaka mingi, katika mgahawa wa Kijapani wa kisasa, ambako jodari mbichi hukalishwa juu ya chapati ya mahindi ya Kimeksiko, na Wamarekani hupiga picha kwanza ndipo wale. Sasa amerudi Karatu, na jasho lake lote liko kwenye jengo hili jipya kando ya barabara ya Ngorongoro. Hapa jodari alikalia ugali wa kukaanga. Wajapani wakisikia, shauri yao. Jioni hii watalii wangeshuka kutoka kreta na njaa zao, na mlango ungefunguliwa kwa mara ya kwanza. Ila kwanza familia ionje, sahani moja, kwa baraka.

"Mwache," alisema Penina, mama yake Vedasto. "Mimba ina visa. Yako wewe ilinikataza hata maziwa." Akamgeukia mkwewe. "Zahanati wamesemaje asubuhi?"

"Wamesema nipumzike, Mama."

Ilikuwa kweli. Felista alijibu bila kusikia chochote moyoni, si uchungu, si njaa. Tangu arudi hakuwa amegusa chungu wala kikombe. Alikaa tu, mikono mapajani. Alitaka jioni hii ipite salama, kwa ajili ya mumewe.

"Nimpelekee na jirani yetu Angela kidogo," alisema Vedasto.

"Kwenye bakuli lake mwenyewe, uliache mlangoni, urudi," Penina alimkata. "Mimba yake imeharibika, yuko metimani, ametengwa. Hali na mtu, na mtu hali kwake, mpaka muda wake uishe. Hata hoteli ya mumewe si imefungwa?"

"Mama, na rozari yote hiyo shingoni?"

"Rozari ni rozari, mila ni mila. Ukilisha watu kutoka nyumba ya namna hiyo, kijiji kizima cha Qurus kitakukimbia. Na mimi wa kwanza."

Vedasto aligeukia jiko. Akamwekea mkewe kipande kilichoiva vizuri. "Hiki chako. Kibichi ni mwiko kwa mjamzito. Houston hata mhudumu angekunyang'anya."

Felista alishukuru. Hakukigusa.

Penina alimtazama, uso ukalainika. Hakuwa na mjukuu mwingine wa kumngojea. "Basi mimi na mjukuu wangu tule pamoja," alisema, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Felista.

Felista aliivuta sahani.

"Acha uchoyo, mwanangu!" Penina alicheka, akanyoosha tena. Safari hii vidole vyake vilikishika kipande, akaanza kukiinua.

Felista alimshika mkono. Kwa mkono wake mwingine aliokota kipande cha jodari mbichi kilichobaki kwenye ubao wa kukatia, akakitia mdomoni.

"Felista!" Vedasto alipiga kelele. "Mtoto!"

Aliendelea kutafuna taratibu, macho yake kwa mama mkwe wake.

Nje, gari la kwanza la watalii lilikuwa linapunguza mwendo. Penina alikirudisha kipande kwenye sahani. Akainuka, akaenda mlangoni, akakigeuza kibao kisomeke TUMEFUNGA.