Nge Ishirini na Tatu

Nge wa ishirini na tatu alikuwa amejibanza kwenye ufa wa jiwe, nyuma ya choo. Mchana usingemwona hata ungekaa karibu yake. Lakini mjane alipommulika kwa ile taa ndogo ya zambarau, aling'aa kijani kibichi, kuanzia magando hadi mwiba. Akambana mkia kwa koleo, taratibu asije akamvunja mguu, akamtumbukiza kwenye ndoo pamoja na wenzake.

Taa ilikuwa ya marehemu mumewe, mshika fedha wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyeitumia kukagua noti bandia. Jioni moja aliiwasha uani kwa utani tu, ndipo wakajua kwamba nge hung'aa. Tangu hapo ukawa mchezo wao: atakayeona wengi, kesho yake hapiki.

Sasa haukuwa mchezo. Alikuwa na hasira tangu Jumatatu, shemeji yake alipoingia, akakalia kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akasema nyumba imepata mnunuzi. Mjane akamkumbusha kwamba mawe ya msingi aliyabeba yeye, kwa kichwa chake, na mimba ya miezi sita. Shemeji akasema hilo habishi, ila hati ina jina lake yeye, kaka mkubwa wa marehemu, na jiwe haliweki sahihi.

"Atakuja Ijumaa giza likiingia," alisema. "Anataka kuiona gizani, sijui kwa nini. Na ameuliza kama tuliwahi kupiga dawa ya wadudu."

"Ukamwambiaje?"

"Hatujawahi, maana hakuna wadudu. Hata mbu hajui njia ya huku. Wewe fagia tu, shemeji, na usininunie mbele ya mgeni."

Mjane alifagia. Ijumaa jua lilipozama, aliweka miguu ya kitanda kwenye makopo ya maji, maana usiku angelala humo humo. Kisha akapita chumba hadi chumba na ndoo yake. Saba sebuleni. Watano jikoni, karibu na gunia la mkaa. Chumbani alikofia mumewe alisimama kidogo, akawamwaga waliobaki. Dawa ya moto ni moto. Mnunuzi mmoja akitoka mbio, habari zitaenea, na hakuna mwingine atakayethubutu kuja kuinunua nyumba.

Mnunuzi alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa mabuti ya mvua na kiangazi kile. Alimpa mjane pole ya msiba, jambo ambalo shemeji hakuwahi kulifanya. Kisha akaomba taa zote zizimwe, akatoa mkobani taa yake mwenyewe na kuimulika ukutani.

Ilikuwa ya zambarau.

Shemeji alikuwa katikati ya kulisifu paa. Ukutani palikuwa na vimulimuli vya kijani, na vilikuwa vinatembea. Alirudi kinyumenyume hadi akagonga mlango, akaanza kuapa kwamba hiyo ni hujuma, kwamba anamjua aliyeifanya, kwamba huyo mtu atalala nje leo hii. Mjane alikunja mikono kifuani, akamwacha abwate. Masikio yake yalikuwa kwa mgeni. Alikuwa akisubiri mayowe.

Mgeni hakupiga mayowe. Alichuchumaa, akasogeza uso hadi karibu kabisa na nge mmoja.

"Miaka miwili natafuta nge wa kukamua sumu kwa ajili ya maabara yetu," alisema polepole. "Kila nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa imepigwa dawa."

Akainuka, akamgeukia shemeji, aliyekuwa bado ameng'ang'ania kitasa cha mlango.

"Kalamu unayo?"