Hedi Keshafika

Mounir alibonyeza kitufe cha kujiandika kazini saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, akajiegemeza kitini akitabasamu. Tabasamu halikudumu. Sekunde moja baadaye faili la mahudhurio lilibadilika tena, na chini ya mstari wake ukatokea mwingine kutoka ofisi ya Sfax: "Sabalkheri, Mounir. Umechelewa. Mimi nipo tangu alfajiri."

"Huyu si mtu," Mounir alijisemea. "Ni jini."

Yeye alikuwa mwangalizi wa seva ya Tunis, katika shirika la mafuta ya zeituni. Ile ya Sfax iliangaliwa na Si Hedi, yaani Bwana Hedi, mzee ambaye Mounir hakuwahi kumtia machoni. Kati ya seva hizo mbili palikuwa na programu waliyoiita Mlinzi, na kazi ya Mlinzi ilikuwa moja tu: kukodolea mafolda macho. Faili likiguswa Sfax, lilipelekwa Tunis papo hapo. Likiguswa Tunis, lilipelekwa Sfax, ili pande zote zifanane. Mlinzi halali, hachoki, wala haulizi aliyegusa ni nani. Miongoni mwa mafaili hayo lilikuwamo daftari la mahudhurio, ambamo kila mmoja hujiandika akifika kazini.

Mkurugenzi alilisoma daftari hilo akiwa mji wa Sousse, au ndivyo ilivyosemekana. Mounir alimjua kwa sauti tu, sauti nzito yenye mkwaruzo, iliyompa kazi kwa simu na ambayo mwezi uliopita ilimwambia kwamba ofisi zitaunganishwa na mwangalizi mmoja atatosha. Atakayebaki ni mwenye bidii. Tangu hapo, kila saa mbili na robo asubuhi, ujumbe ule ule wa mkurugenzi uliingia kwenye simu yake: "Hedi keshafika. Wewe uko wapi?"

Kilichomuuma ni kwamba alikuwapo. Alijibu kwa adabu zote kuwa yuko kazini tangu saa kumi na mbili, tena hajanywa hata kahawa. Hakujibiwa. Kesho yake akaulizwa tena yuko wapi. Harusi yake na Sabrine ilipangwa kufanyika baada ya mavuno ya zeituni, na baba wa Sabrine alishaanza kumuulizia hali ya kazi kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Mounir aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Asubuhi ya Idi aliamua kumkomesha Hedi. Aliwaacha ndugu zake wakinoa visu, akakimbilia ofisini na kanzu yake mpya, akajiandika. Sekunde moja tu: "Sabalkheri, Mounir. Umechelewa." Saa mbili na robo, Idi ile ile, simu nayo ikamuuliza yuko wapi.

Sabrine alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ebu niambie, huyo mzee hana mke? Hana kondoo wa kuchinja? Mtu gani anakaa ofisini siku ya Idi, ukiacha wewe?"

Swali hilo lilimzindua. Mlinzi huona faili limeguswa. Haoni kidole kilichogusa. Huenda Hedi alikuwa na kijiprogramu chake, kimejificha pale Sfax kikimngoja Mounir aguse daftari tu, nacho kijibu. Na mwenyewe je, yuko wapi? Mounir alihisi raha ambayo hakuwa nayo kwa mwezi mzima. Za mwizi arobaini.

Wiki iliyofuata alipanda treni ya mchana kwenda Sfax, akalala kwa shangazi yake. Ili asikosekane Tunis, aliacha naye kijiprogramu kidogo cha kumwandikisha asubuhi. Mara moja tu, alijiambia, tena kwa ajili ya haki.

Asubuhi alimkuta bawabu wa ofisi, Am Sadok, yaani Ami Sadok, amejiinamia juu ya bakuli lake la lablabi, supu ya dengu. Mounir alimsalimu, akaulizia Si Hedi.

"Si Hedi?" Mzee alimtazama kwa huruma. "Sasa mwanangu, mbona unamtafutia kazini?"

Akamwelekeza kwa kijiko mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Amtazame mwenye chechia, ile kofia nyekundu, alisema. Yuko pale kila siku tangu mlango unapofunguliwa.

Mounir alivuka huku akichungulia simu. Kule Tunis kijiprogramu chake kilikuwa kimeshasalimu, na cha Hedi kimeshaitikia kwamba amechelewa.

Mkahawani, chechia nyekundu ilionekana tangu mlangoni. Watu watatu walikuwa wakicheza karata: Hedi, mwenye mkahawa, na bwana mmoja mnene aliyevaa suti. Kiti cha nne kilikuwa kitupu. Mounir alijibanza nyuma ya nguzo, akangoja Hedi acheke vizuri, akampiga picha. Ilitoka safi: kofia, karata, meno yote. Chini yake akaandika, "Bwana mkurugenzi, tazama bidii ya Hedi," akaituma. Kazi ilikuwa yake. Harusi ilikuwa yake.

Simu ikalia pale pale mezani, kando ya kikombe cha yule bwana mnene.

Mikono ya bwana huyo yote miwili ilikuwa imejaa karata, hivyo simu hakuigusa. Alinyoosha shingo tu, akaichungulia.

"Hedi," alisema kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, "umepigwa picha. Tena umependeza. Haya, cheza."

Wakati huo, bwana akiwa bado ameshika karata kwa mikono yote miwili, simu ikatetemeka kiganjani mwa Mounir. Ilikuwa saa mbili na robo kamili.

"Hedi keshafika. Wewe uko wapi?"