Kipimo cha Jino

Mtunza ghala alizamisha mkono ndani ya gunia la kahawa, akakuta joto kama la mtoto mwenye homa. Punje alizochota zilikuwa na ukungu mweupe.

Gunia la pili, hivyo hivyo. La kumi, hivyo hivyo. Mavuno ya kijiji kizima!

"Baba, si ulizipima kabla hatujashona magunia?" binti yake aliuliza.

"Nilizipima."

Miaka thelathini alipima kwa kuuma: punje kavu hugoma, yenye maji hubonyea. Wala hakuwahi kukosea.

"Mzee, fungua mlango basi!" wakulima walipiga kelele nje, wakicheka. "Au unahesabu punje moja moja?"

Alitoa kinywani meno ya bandia aliyowekewa kwa siri mwaka huu, meno yasiyohisi kitu, akayaweka kiganjani mwa binti yake.