Kengele ya Mbuzi

Makame alipouza vespa yake, Bi Kidawa aliona kama amezibwa masikio. Zamani vespa ikinguruma tu, alijua kama mumewe ameshuka kwake au amepitiliza kwa Salha, mke mwenziwe, nyumba ya tatu upande wa pili wa njia. Sasa Makame anabonyeza simu, kigari cha umeme cha Khatibu kinamfuata dukani na kumrudisha, kimya kama paka. Hata siku za zamu yake Kidawa hakuwa na hakika kama bwana hakuanzia kwa yule.

Basi akamvua mbuzi wake kengele ya shingoni, akamvizia dereva njiani.

"Khatibu mwanangu, ifunge hapo mbele. Hiki kigari chako hakina sauti, utakuja kumgonga mtoto wa watu."

"Ahsante, mama. Umetufikiria."

Jioni ile ilikuwa zamu yake. Udi ukafuka, chai ikaandaliwa. Kengele ikaja, ikafika mlangoni, ikapita.

"Na zamu yangu!" Kidawa akatoka mbio na kanga moja, akamfume huko huko kwa Salha.

Salha naye alikuwa mlangoni, wanja machoni, shingo kaitoa nje. Kigari kikampita vilevile. Makame, kanzu mpya mwilini, alijitia kuangalia simu.

Salha akavuka njia, akasimama ubavuni pa Kidawa. Wakatega masikio. Kengele ikalia mpaka kwenye nyumba mpya mwisho wa njia, nako udi unafuka, kisha ikanyamaza.