Herufi za Gari la Maiti

Gari la maiti liliingia kinyumenyume hadi mlangoni pa mochari. Nafuna akasoma namba pleti hata kabla ya kujizuia: KDN.

Ulikuwa mchezo wake na mumewe, kila asubuhi kwenye foleni ya magari pale Ruiru. Mnachukua herufi za gari lililo mbele yenu, mnatafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote. Mwenye neno refu ndiye mshindi, na aliyeshindwa anapika chai jioni. Chai alikuwa akiipika Nafuna.

Tangu Jumatatu hakuwa ametoa chozi, na mashemeji walikuwa wameanza kunong'ona.

Jeneza la mumewe likaingizwa. Utepe wa zambarau ulining'inia kwenye kioo cha pembeni, umelegea upande mmoja. Nafuna akautazama tu.

"Nafuna, si useme kitu," wifi yake akamwambia, amemshika kiwiko. "Hata neno moja."

"Kindergarten," Nafuna akasema.

Wifi akamwachilia mkono.

Nafuna hakutambua. Alikuwa ameligeukia gari, kichwa amekiinamisha kidogo, akingoja, kama kila asubuhi, neno refu kuliko lake.