Roshani ya Heshima

“Cheka, kamera inakuja,” Maxine alinong'ona, na Orrin Haskell akatoa meno yote nje.

Ukumbi mzima pale Washington ulikuwa umegeuza shingo kumtazama. Jukwaani, mchekeshaji Desmond Tibbs alikuwa anamchambua bila huruma. “Orrin huyuhuyu! Kaondoka kwenda Virginia, katokea Delaware, na bado hataki kuuliza njia!”

Watu wakavunjika mbavu. Orrin alicheka pia, ila kwa kujilazimisha. Hilo la kupotea lilikuwa karibu mno na lile aliloliogopa.

Siku ya Jumanne alikuwa ameingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, akakaanga mayai, kisha akamuuliza mwenye nyumba anatafuta nini humo. Daktari akamwambia ni maradhi ya kusahau, na hayana tiba. Orrin alilia kama mtoto. Miaka thelathini Marekani nzima imemcheka kwa kukoroma kwake, kwa suruali zake, hata kwa mama yake mzazi, na yote aliyameza. Hili hapana. Hili aliomba liwe siri yake.

“Naenda msalani,” alisema, akainuka.

Dada wa televisheni aliyesimama mlangoni akamzuia. “Vumilia kidogo, mzee. Tunarekodi, kiti kitaonekana kitupu.”

Akarudi kukaa. Ndiyo desturi ya tuzo hii ya uchekeshaji kila mwaka: anayetuzwa huketishwa roshanini na watu wake, wenzake hupanda jukwaani kurudia vituko vilivyompatia jina, kisha mwenyewe huzungumza wa mwisho. Kutoka hakuna. Kununa ndiyo kabisa, maana nchi nzima inakuona.

“Tibbs anajua?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Hajui. Hakuna hata mmoja wao anayejua, mpenzi. Nakuapia.”

Midomo ya Maxine iliendelea kucheza kimyakimya. Orrin alidhani anamwombea, akamshika mkono kwa shukrani.

Wakaja wengine. Mmoja akaigiza anavyokoroma, mwingine anavyotembea na soksi ndani ya kandambili. Kila aliyeshika maikrofoni alimfanya Orrin aung'ang'anie mkono wa kiti. Hatimaye wa mwisho akashuka, na la mayai halikutajwa. Orrin akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Salama!

“Na sasa,” mshereheshaji akapaza sauti, “simameni tumpokee bingwa wetu wa kicheko!”

Ukumbi ukanyanyuka kwa makofi. Orrin naye akasimama, akajibana ukutani ili mkewe apite kwenda kuchukua tuzo yake.

Maxine akaipokea, akasogelea maikrofoni, akanyoosha kidole kuelekea roshanini. “Haya jamani, hii hamjaisikia. Siku ya Jumanne mume wangu kaingia kwa jirani, kakaanga mayai...”