Nyuzi Thelathini na Tisa

Tangu mioyo ya watu ianze kuongozwa na chipu za redio, sheria ilikuwa moja: chipu mpya ya kwanza huwekwa kifuani mwa mtu wa nyumba ya aliyeibuni, kwa kura. Watu waliisifu. Walisema hakuna atakayefanya mzaha na damu yake.

Zamoyoni hakufanya mzaha, alichoka tu. Programu ya kubunia ilijaribu chipu yake katika kila joto, na kila ilipofika nyuzi arobaini mawimbi yaliyumba, kioo kikawa chekundu. Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, akashusha kikomo cha joto la majaribio hadi thelathini na tisa. Kioo kikawa kijani. Alijiambia kura itamwangukia yeye, na yeye si mtu wa homa.

Kura ilimwangukia Kibibi, binti yake wa miaka sita.

Leo Kibibi alirudi kutoka shuleni akitetemeka. Mhina, mume wa Zamoyoni, alikisoma kipimajoto.

“Thelathini na nane na nusu. Homa ya watoto tu hii, Mama Kibibi. Mbona umekaukwa na midomo?”

Zamoyoni alichovya kitambaa katika maji ya barafu, akamfuta mtoto shingo na kifua.

“Imepanda kidogo,” alisema Mhina. “Thelathini na tisa kasoro. Kwani hata ikifika arobaini kuna nini? Mimi nimewahi kufika.”

Kitambaa kilikuwa kimeshakauka, lakini mikono ya Zamoyoni iliendelea kukikamua.

“Pima tena,” akasema.